Muacheni na Kofia Yake

Ahsanteni walimu wenzangu, kaeni tu. Walionisikia Mwanza na Shinyanga wanasema huyu mama na kofia zake tena, ndiyo, tena, maana mpaka leo kuna watoto wenye ualbino wanavuliwa kofia mstarini.

Tukitaja ualbino hapa Tanzania akili zote zinakimbilia mauaji yale ya kuanzia 2006 hivi, na sitaki yasahaulike hata kidogo. Lakini mimi nimefundisha sekondari miaka mingi, na kinachowamaliza wanafunzi hawa kila siku ni vitu ambavyo hakuna polisi atakayeitwa. Nilikuwa na binti wa kidato cha pili, shule siitaji. Anakuja na kofia yake pana, mwalimu wa zamu anamwambia vua, siyo sare. Mstari wenyewe mnaujua, matangazo, ukaguzi, ada, kuna siku mnasimama mpaka saa tatu, halafu jioni kufyeka. Mtoto anaungua masikio, anaungua shingo, akiingia darasani anakaa nyuma kwa sababu eti ni mrefu! Ubaoni haoni kitu, anasubiri mwenzake amalize ndo aazime daftari, mwenzake siku nyingine anamnyima, mwalimu akikagua notsi hazipo, anachapwa kwa uvivu. Mtihani wa kidato cha pili akafeli akarudia darasa, na huko sikioni ana kidonda hakifungi, na kansa ya ngozi kwa mtu mwenye ualbino inaweza kuanza hivyo hivyo, akiwa bado kijana mdogo.

Mtu ataniambia si avae miwani. Jamani, jicho nalo linahitaji melanini, ile rangi ya asili ya mwili, tangu linaumbika tumboni, kwa hiyo miwani inasaidia lakini uoni unabaki hafifu, na yale macho yanayochezacheza siyo kwamba anakudharau hataki kukutazama.

Mwingine anasema ukimruhusu mmoja wote watataka kofia. Wakitaka waelezeni, wana akili! Mwingine, wapelekwe shule zao maalumu. Si tulishawapeleka? Shule ya Buhangija pale Shinyanga ilijaa watoto waliokuwa wanakimbia kuuawa, wengine wakakaa miaka bila kuiona familia, na wakimaliza la saba wanakuja sekondari hizi hizi zetu, mstari ule ule.

Naona naoneshwa saa. Losheni ya kukinga jua basi, haraka, ipo Kilisun, inatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, lakini ya kupaka asubuhi mara moja haitoshi, arudie kupaka, na msimwambie anajiremba. Karatasi za majaribio, wakuzieni maandishi, msingoje mtihani wa taifa.

Jumatatu mna mstari. Muacheni na kofia yake, awe dawati la mbele, ila siyo lile la dirishani linalopigwa na jua. Haya, mkono kule nyuma, karibu.