Andika Deni, Hata la Ndugu

RUKIA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu wa Nairobi na kwingineko. Mimi ni Rukia, niko na Kaka Salim. Leo ni madeni. Si ya serikali, ni yale ya sisi kwa sisi.

SALIM: Waaleikum salaam. Aliyewahi kuhudhuria janaza hapa Pumwani anajua: kabla ya maiti kuswaliwa, mtu wa familia husimama akasema, anayemdai marehemu aje kwetu. Msikiti mzima unanyamaza.

RUKIA: Jambo hilo lina asili yake. Katika Bukhari, kitabu cha hadithi, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliletewa jeneza la mtu anayedaiwa dinari 3 na hakuacha kitu. Akawaambia masahaba, mswalieni mwenzenu. Yeye hakumswalia mpaka Abu Qatada aliposema, deni lake liko juu yangu.

SALIM: Dinari 3!

RUKIA: Baadaye Mwenyezi Mungu alipomfungulia riziki, Mtume mwenyewe akawa anasema, atakayekufa na deni, nitamlipia.

SALIM: Mimi kinachonishughulisha zaidi ni deni linavyomfanya mtu angali hai. Mtume alikuwa akijikinga nalo ndani ya swala. Akaulizwa, mbona unajikinga sana na deni? Akajibu, mtu akidaiwa, akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja. Sasa tazama mtaani kwetu. Simu inalia, unaona jina, unaigeuza kifudifudi mezani. Duka la pale kona hulipiti tena, unazunguka vichochoro ukienda msikitini. Na mwenye duka hajakukosea. Alikupa unga na mafuta ya kupima, akaandika kwenye daftari lake, basi.

RUKIA: Urafiki unakufa na hakuna aliyegombana.

SALIM: Kukopa harusi, kulipa matanga.

RUKIA: Ndiyo maana naipenda sana aya ya 282 ya Suratul Baqara. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inahusu kuandika deni! Muda utajwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo. Na msichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa.

SALIM: Lakini dada, ndugu yangu wa damu akitaka mia tano, nimtolee karatasi? Si ataona simwamini?

RUKIA: Sikiliza aya inavyosema: anayedaiwa ndiye anayetamka, mwandishi anaandika. Hapo pana heshima kubwa, kaka. Haandikiwi kisirisiri. Anasema kwa kinywa chake, nimechukua elfu mbili, nitalipa mwisho wa mwezi. Siku hizi akutumie ujumbe wa simu, umalize. Maana kinachovunja undugu ni pale mmoja anakumbuka elfu mbili, mwingine elfu moja mia tano, na kila mmoja anaapa kwa moyo safi.

SALIM: Hapo umenishika. Lakini na anayedai naye asisahau aya ya 280: mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Mikopo ya simu haina habari hiyo, siku zikipita deni linanenepa tu. Habari ya riba tutaitengea kipindi chake, na shekhe awepo.

RUKIA: Inshallah. Na zaka je? Surat Tawba, aya ya 60, inataja mafungu 8 ya wanaostahili, na wenye madeni wamo. Ramadhani tunachangia futari, jambo zuri sana, lakini ni mara ngapi tumemuuliza jirani kimyakimya, unadaiwa kiasi gani?

SALIM: Tunaona aibu kuuliza.

RUKIA: Na yeye anaona aibu kusema. Aibu mbili, watoto wanafukuziwa kodi ya nyumba.

SALIM: Kuna kisa kimoja sikichoki. Mtu alikuja kumdai Mtume ngamia, akasema kwa ukali mpaka masahaba wakataka kumvamia. Mtume akawaambia, mwacheni, mwenye haki ana haki ya kusema. Akaagiza apewe ngamia wa umri uleule. Wakatafuta, wakapata aliye bora kuliko wake tu.

RUKIA: Akasema mpeni huyohuyo, wabora wenu ni wanaolipa vizuri.

SALIM: Kwa hiyo nikikurudishia elfu mbili nikaongeza kitu?

RUKIA: Ukiongeza kwa hiari yako, bila sharti wala mapatano ya mwanzo, hiyo si riba. Nitapokea na nitakuombea dua.