Je, Mtu wa Kawaida Aruhusiwe Kuvuruga Mawimbi ya Simu?

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh na wachungaji wetu, walimu, wazazi, na vijana mliofika jioni hii: nawashukuru kwa kunialika. Swali nililopewa ni fupi. Je, mtu wa kawaida aruhusiwe kununua na kuwasha kifaa cha kuvuruga mawimbi ya simu nyumbani kwake, darasani kwake, au katika nyumba ya ibada anayoisimamia? Jibu langu ni hapana, na nalitoa mapema ili mnisikilize mkijua nimesimama wapi. Hata hivyo simdharau hata mmoja wa wanaouliza, kwa sababu kero inayozaa swali hili ni ya kweli. Nani kati yetu hajawahi kusikia simu ikilia msikitini, tena kwa wimbo wa taarabu, watu wakiwa wamesujudu? Nani hamjui mzazi ambaye mwanawe anakesha na simu chini ya shuka hadi adhana ya alfajiri? Na kila mtu ukumbini humu amepata ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, akatamani angalau kwa dakika moja kuinyamazisha mitandao yote.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa kuwa makosa mengi katika mjadala huu yanatokana na kutojua kinafanya nini. Simu yako inapoonyesha vijiti viwili au vitatu vya mtandao, nguvu ya mawimbi inayoifikia kutoka mnarani inaweza kuwa kiasi cha sehemu moja ya trilioni ya wati. Ni mnong'ono, na simu imeundwa iweze kuusikia mnong'ono huo. Kivuruga mawimbi hakikati waya wowote wala hakiuzimi mnara. Kinachofanya ni kutoa kelele katika masafa yaleyale ambayo mnara unatumia kuzungumza na simu, kama vile mtu anakunong'oneza sikioni na mwenzake anawasha mashine ya kusaga nafaka kando yenu. Kwa kuwa mnong'ono ni hafifu kiasi hicho, kelele ya wati moja au mbili inatosha kabisa kuufunika.

Sasa zingatieni mambo mawili. La kwanza, kelele hiyo haichagui. Kifaa hakiwezi kutofautisha simu ya kijana anayetazama video na simu ya jirani anayepiga 112 kwa sababu wezi wamo uani kwake. La pili, mawimbi hayakomi ghafla yanapofika ukutani. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hupungua hadi robo, haifiki sifuri. Ukuta wa tofali utayapunguza, lakini dirisha lililo wazi litayapitisha karibu yote.

Haya sikuyasoma tu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutunza mitambo ya mawasiliano, na siku moja niliitwa na wakala wa kutuma na kutoa fedha, mama mmoja ambaye kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya msikiti. Malalamiko yake yalikuwa ya ajabu: kila adhuhuri, kwa muda wa nusu saa hivi, miamala ilikuwa inaning'inia. Mteja anapewa fedha mkononi, ujumbe wa kuthibitisha haufiki, na mtandao ukirudi ugomvi unaanza juu ya nani anamdai nani. Alishawahi kulipa kutoka mfukoni mwake zaidi ya mara moja. Nilipanda juu ya paa la nyumba ya jirani nikiwa na antena ya kuelekeza na kipimo cha masafa, nikawa naigeuza antena polepole kama mtu anayetafuta mahali sauti inapotoka. Saa saba kasoro dakika chache, mstari uliokuwa umelala sehemu ya chini ya kioo cha kipimo ulinyanyuka ghafla katika masafa yote ya simu kwa pamoja, kana kwamba mtu ameunyanyua kwa kiganja. Antena ilikuwa imeelekea msikitini.

Tulikikuta nyuma ya saa ya ukutani: kisanduku cheusi chenye ukubwa wa msahafu, antena nane zimesimama juu yake kama vidole, na feni ndogo inavuma. Kwenye ubavu palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba kinafanya kazi ndani ya mita kumi. Kutoka pale hadi kwenye kibanda cha yule mama nilihesabu hatua sitini na nne. Imamu, mzee mpole niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, alishika kichwa. “Mwanangu,” akaniambia, “sisi tulitaka utulivu wa sala tu. Wallahi hatukujua tunamla mtu riziki yake.” Aliuchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe.

Nakazia maneno ya yule mzee, kwa sababu wengi wanaotumia vifaa hivi si wahalifu. Huko Messanges, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, wakala wa serikali unaosimamia masafa uliitwa baada ya simu na intaneti kukatika kila usiku kuanzia saa sita hadi saa tisa. Wataalamu walipofuatilia walifika kwenye nyumba ya baba mmoja aliyenunua kivuruga mawimbi mtandaoni ili watoto wake walale badala ya kukesha kwenye mitandao ya kijamii. Aliwanyamazisha watoto wake, na akaunyamazisha mji wao na sehemu ya mji jirani. Sheria ya huko inaruhusu kifungo cha hadi miezi sita na faini ya hadi euro 30,000 kwa kosa hilo. Ufaransa hiyohiyo, kwa sheria ya mwaka 2001, ilikuwa imefungua mlango kwa kumbi za maonyesho kutumia vifaa hivi kwa masharti. Mwaka 2011 mlango huo ukafungwa.

Mfano wa Florida nchini Marekani unanigusa zaidi. Mwaka 2013 kampuni moja ya simu iliona kwamba minara yake kandokando ya barabara kuu ya Interstate 4 inasumbuliwa kila asubuhi na kila jioni, saa za watu kwenda kazini na kurudi. Wakaguzi wa tume ya mawasiliano, FCC, waliifuatilia kelele hiyo hadi kwenye gari moja, na kivuruga kikakutwa kimefichwa nyuma ya kitambaa cha kiti cha abiria. Dereva alieleza kwamba alichoshwa na watu wanaoongea na simu wakiendesha. Nia ni nzuri, na ajali hizo sisi pia tunazijua. Lakini polisi walipolikaribia gari lile ili kulisimamisha, redio zao wenyewe zilipoteza mawasiliano na kituo. Mtu aliyetaka barabara iwe salama alikuwa amepita humo kwa zaidi ya mwaka akiwa na kitu kinachoweza kumzuia majeruhi asiite msaada. Alitozwa faini ya dola 48,000.

Ipo hoja ninayoisikia mara kwa mara na inayostahili kujibiwa: nyumba ni yangu, kiwanja ni changu, kwa nini nisiamue kitakachoingia? Ndugu zangu, hati ya kiwanja haina masafa ndani yake. Masafa ya redio ni mali ya umma, na kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 anayetaka kuyatumia anapata leseni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na mitambo yake inakaguliwa kwanza. Ukiwa na kivuruga hujafunga mlango wako. Umeweka gogo katikati ya barabara ya mtaa kwa sababu magari yanakupigia kelele.

Wengine huniambia kwamba basi vyombo vya dola peke yake ndivyo viruhusiwe kutumia vifaa hivi. Kwa magereza, ambako matapeli na hata wauaji wameendesha mambo yao kwa simu za magendo, nakubali kwamba hoja ina uzito, ikiwa kifaa kinapimwa na kusimamiwa ili jirani wa gereza asiumie. Lakini hata dola inahitaji kuwekewa mpaka. Tarehe 12 Februari 2015, ndani ya Bunge la Afrika Kusini, Rais Jacob Zuma akisubiriwa kulihutubia taifa, waandishi wa habari waligundua kwamba simu zao hazina mtandao. Wakazinyanyua juu wakipaza sauti kutaka mtandao urudishwe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Rufaa, na mwaka 2016 ikatamkwa kwamba matumizi ya kifaa kile yalikuwa kinyume cha sheria. Ikiwa idara ya usalama ya taifa ilifika mahakamani kwa sababu ya chombo hiki, sioni ni kwa hoja gani tungemkabidhi kila mwenye duka, kila mwalimu na kila mume mwenye wivu. Na mume mwenye wivu simtaji kwa mzaha: fikirieni mwanamke anayepigwa ndani, ambaye simu ndiyo njia yake pekee ya kumfikia dada yake.

Basi yule imamu alifanya nini? Aliagiza kabati la mbao lenye vyumba vidogo vyenye namba, likawekwa pale watu wanapovulia viatu. Unaacha simu, unachukua kipande cha mbao chenye namba yako, na kijana mmoja wa madrasa analinda. Shule inaweza kufanya hivyo kwenye chumba cha mtihani, pamoja na upekuzi mlangoni. Mzazi anaweza kuamua kwamba simu zote za nyumbani, na yake ikiwemo, zinachajiwa usiku chumbani kwake. Nakiri kwamba njia hizi zinachosha kuliko kubonyeza swichi, na bado mara mojamoja simu italia katika rakaa ya pili. Mwenye simu ataona haya, na atajirekebisha. Yule mama wakala hatalipa chochote.

Imamu aliniachia kile kisanduku. Nimeng'oa bodi yake yote, limebaki ganda na antena, na liko hapa mezani. Baada ya maswali mnaweza kuja kulishika. Ile karatasi inayosema mita kumi bado imebandikwa ubavuni.