Jiko la Umeme na Bei ya Uniti

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya gesi tumeiona ikigawiwa. Leo nasemea umeme, hasa haya majiko ya indaksheni, kwa sababu umeme sasa tunao. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115.

Jiko hili halina moto. Chini ya kioo kuna koili, yaani waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo unazalisha usumaku, na kinachopata joto ni sufuria yenyewe. Ndiyo maana sufuria zetu za alumini, zile za seti tunazonunua sokoni, hazipati joto juu yake: alumini hainati kwenye sumaku. Ukienda dukani beba kipande cha sumaku: kikinata kwenye kitako cha sufuria, nunua. Anayempa mama jiko bila kumwambia hili amempa pambo. Kila mpango wa serikali ungetoa jiko pamoja na walau sufuria mbili zinazofaa.

Lakini kikwazo kikubwa kiko kwenye LUKU, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia. Mteja wa shirika la umeme, TANESCO, wa kundi la D1, yaani la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, uniti ya ziada ni shilingi 350. Akizoea kuvuka, anahamishiwa kundi la shilingi 292. Sasa tupige hesabu. Jiko la wati 2,000 likiwaka kwa nguvu zote nusu saa linakula uniti moja. Chai, ugali, mboga, maharage: tuseme uniti mbili kwa siku. Hizo ni 60 kwa mwezi, na bado hatujawasha taa, friji wala pasi. Mama huyu anaadhibiwa kwa kufanya kile kile tulichomwomba!

Wenzetu Uganda walibadili mpango mwaka 2022: uniti ya 81 hadi ya 150 wakazishusha hadi shilingi 412 za kwao, karibu nusu ya bei ya kawaida, makusudi ili watu wapike. Nasi tunaweza. Bei hupangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo hupokea maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Twendeni tukadai kikomo cha uniti 75 kipandishwe kwa kaya inayopikia umeme, walau kifike 150.