"Mtoto Huyu Hasikii": Kumtambua na Kumpima Mtoto Mwenye ADHD

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wazazi, asanteni kwa kuja.

Naanza na msichana wa darasa la nne. Aliletwa kliniki kwa maumivu ya tumbo yaliyomshika kila siku ya mtihani. Nilimpima, tumbo halina tatizo. Mama yake akaniambia, "Daktari, huyu mpole, hana neno na mtu, ila mzito. Ukimtuma vitu vitatu dukani analeta kimoja, na chenji anaiacha hukohuko." Nikafungua madaftari yake: sentensi zinaanza vizuri, kisha zinakatika katikati. Shuleni hakuna aliyewahi kumlalamikia, kwa kuwa hakumsumbua mtu. Tulipomaliza kumchunguza, alikuwa na ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kushika umakini, au kutulia na kujizuia, na dalili zake zilikuwepo tangu chekechea.

Nimemtanguliza yeye kwa makusudi, maana jina hili likitajwa wengi humfikiria mvulana anayeruka juu ya madawati. Huyo yupo: hakai, anajibu swali kabla halijaisha, hawezi kungoja zamu. Lakini kuna na huyu ambaye mwili umetulia na umakini haukai. Wapo wenye yote mawili. Wasichana wengi tunawapita kwa sababu hii.

Wala si ugonjwa ulioletwa na simu. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake London habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Aliuita upungufu wa kujitawala kimaadili, ingawa aliona kwamba malezi mabaya peke yake hayatoshi kuueleza. Inaniuma kwamba zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunawachapa.

Makadirio ya dunia ni watoto kama 5 katika kila 100. Kwa darasa la watoto 90, hao ni wanne au watano.

Tunawapimaje? Hakuna kipimo cha damu, hakuna picha ya kichwa. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013, ambao wengi wetu tunautumia, una dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kuhangaika na kukurupuka. Mtoto awe na angalau 6 za kundi moja, kwa miezi 6 au zaidi, kupita kiasi cha umri wake. Baadhi ziwe zimeonekana kabla hajatimiza miaka 12, ziwe zinamharibia masomo au maisha yake, na zionekane sehemu mbili au zaidi.

Hilo la sehemu mbili nawaomba mlishike. Mtoto anayetulia nyumbani na madrasa, akavurugika kwenye kipindi cha hesabu tu, kachunguzeni hesabu. Mwangalieni pia aliye mdogo kuliko wote darasani. Huenda kosa lake ni kuzaliwa miezi kumi baada ya mwenzake mnayemlinganisha naye.

Mara ngapi nimeambiwa "mtoto huyu hasikii", nikachungulia masikio nikakuta usaha. Kweli hasikii! Mwingine haoni ubao. Mwingine ana nyama za puani, anakoroma usiku kucha, asubuhi anahangaika kwa usingizi. Yuko anayeganda sekunde chache macho yamekodoa, mwalimu akadhani anaota mchana, kumbe ni kifafa cha aina yake. Ulizeni kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Ulizeni kama amekula. Ulizeni, kwa upole, nani anampiga. Na swali kubwa: alianza lini? Mtoto aliyekuwa sawa hadi baba yake alipofariki mwaka jana ana majonzi, na majonzi yana matibabu yake. Tena, kukuta kifafa hakufuti ADHD. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Naona mama pale anatikisa kichwa. Najua swali lako: katuni anazitazama saa mbili bila kupepesa, umakini anaukosaje? Mama, katuni inamvuta yenyewe, kila sekunde ina kipya. Kinachomshinda ni kuupeleka umakini wake kwenye jambo lisilomvuta, na kuuweka hapo. Ndiyo maana anaonekana mkaidi.

Walimu, ninyi mnaona nisichokiona mimi. Kliniki ni mahali pageni; mtoto anaweza kutulia nusu saa nzima mbele yangu, nikamrudisha nyumbani kwa makosa. Basi niandikieni kwa wiki mbili. Msiandike "mtukutu sana". Andikeni: "Kipindi cha dakika 40, ameinuka mara 7, jirani yake, mara 1." Andikeni saa, somo, na kilichomtuliza. Mzazi, njoo na kadi yake ya kliniki na madaftari ya miaka iliyopita, usiyachomee moto jikoni.

Yule msichana alihamishiwa dawati la mbele, akawa anapewa agizo moja moja, na mtihani anaufanya kwa vipande viwili na mapumziko katikati. Tumbo halijamrudisha kwangu tena.

Karatasi za kuandikia ziko pale mezani, karibu na mlango. Sasa nawasikiliza ninyi.