Jiko moja, jioni nzima: chai ya tangawizi, mahindi ya kuchoma na viazi vya majivuni

Hamjambo watazamaji, karibuni. Agosti hii hapa Nakuru jioni inadai sweta. Mvua ya alasiri ikishakatika, moshi wa mahindi unaanza kupanda kandokando ya barabara, na mahindi mabichi yanashuka kutoka Njoro na Bahati kwa pikipiki na mikokoteni. Wenzetu wa Ulaya wanangoja mwisho wa Septemba, siku zifupike, majani ya miti yageuke rangi na matofaa yaive. Sisi tulio karibu na ikweta, majani hayatuambii lolote. Msimu tunausoma kwenye hindi.

Leo tutawasha jiko moja la udongo, tutumie mkebe mmoja wa makaa, ule wa rangi wa lita nne wanaopimia kibandani, na tupate vitu vitatu: chai, mahindi, halafu viazi vitamu. Vitu vitatu kwa zamu, na zamu ndiyo kazi yenyewe. Moto wa makaa una umri. Huanza mkali, hutulia, kisha huzeeka. Kila chakula kina umri wa moto unaokifaa. Ukikosea zamu, hindi litaungua nje na kubaki bichi ndani, na utasingizia makaa.

Tunahitaji mahindi manne, viazi vitamu vinne vyembamba, kipande cha tangawizi mbichi chenye ukubwa wa kidole gumba, majani ya chai, maziwa vikombe viwili, ndimu moja, chumvi na pilipili ya unga. Vyombo ni sufuria, chujio, koleo, wavu wa waya, na chupa ya chai inayotunza joto vizuri. Kigoda pia, maana kazi hii haifanywi kwa kusimama.

Tuanze na kuchagua hindi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu jioni yao kabla hata ya kuwasha kiberiti. Tazama hapa karibu. Ndevu za hindi ziwe kahawia na zimekauka nchani, lakini maganda yawe bado mabichi na yenye unyevu. Sasa chana ganda kidogo tu upande wa juu, usilivue lote, umharibie muuzaji biashara yake. Bonyeza punje moja kwa ukucha. Yakiruka maji meupe kama maziwa, hilo ni changa. Litafaa kuchemshwa, lakini motoni maji yale yatakauka na punje zitakunjamana. Kikitoka kitu kizito kama uji mzito, hilo ndilo letu. Ukucha ukigoma kuingia, hindi limekomaa, lipeleke kwenye githeri.

Jambo la pili ni lini lilivunjwa. Hindi likishatoka kwenye bua, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha mageuzi hayo. Ndiyo maana hindi lililovunjwa asubuhi ni tamu jioni, na lililokaa siku mbili kwenye gunia lina ladha ya unga. Ukifika sokoni, omba kuingiza mkono katikati ya gunia. Ukihisi joto, mahindi hayo yamelala humo yakipumua na kujipika yenyewe. Nenda kwa jirani yake. Ukifika nyumbani, yaache ndani ya maganda, kivulini, mpaka dakika ya mwisho.

Haya, moto. Jiko liko nje, uani. Panga vipande viwili vitatu vya magunzi makavu ya mahindi ya mwaka jana, yale wengine mnayaita maguguta, yawe katikati ya jiko, kisha makaa madogo juu yake na makubwa mwisho. Magunzi huwaka haraka na hayaachi harufu. Mafuta ya taa tafadhali yaache kando, kwani harufu yake huingia kwenye punje na hakuna ndimu itakayoiondoa. Fungua kimlango cha chini kabisa. Makaa mazuri ukiyagonganisha hulia kama vigae. Yakitoa sauti nzito isiyolia, yana unyevu, na Agosti hilo ni kawaida kwa sababu ya mvua. Yaanike mapema, la sivyo yatapasuka na kurusha cheche usoni mwako.

Hapa nisikilize vizuri, maana baridi hushawishi watu. Jiko hili haliingii ndani ya nyumba, hata likiwa limefunikwa majivu, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke. Ukitaka joto, vaa blanketi uje ukae nje karibu na jiko.

Moto ukiwa mkali, na ndimi bado zinaonekana, ni zamu ya sufuria. Ponda tangawizi, usiikate vipande, kwa sababu ikipondwa hutoa maji yake yote. Tia maji vikombe viwili na nusu, nusu kikombe hicho ni cha mvuke, tia tangawizi na uchemshe dakika kumi. Tangawizi iende na maji peke yake. Watu wengi hutia tangawizi mbichi pamoja na maziwa, chai ikakatika na kuganda vipandevipande, kisha wakamlaumu muuza maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Ukiichemsha kwanza kwa maji, kimeng'enya hicho kinakufa, na ndipo maziwa yaingie salama. Bila shaka maziwa yaliyoanza kuchacha yatakatika hata bila tangawizi, kwa hiyo yaonje kwanza.

Dakika kumi zikiisha, tia maziwa vikombe viwili na majani ya chai vijiko viwili vya chai. Majani yetu ya Kericho na Nandi mengi ni yale ya chembechembe, yanatoa rangi upesi. Yakichemka dakika mbili au tatu yanatosha, ukizidisha yanakuwa machungu na kukaukia ulimini. Maziwa yakianza kupanda, inua sufuria, yashuke, irudishe, mara mbili. Hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kisumu, kwenye mita kama 1,130, huchemka kwenye nyuzi 96. Kwa hiyo nyinyi wa kando ya ziwa, zile dakika kumi za tangawizi mnaweza kuzifanya nane. Chuja ndani ya chupa ya chai, funga, iweke kando. Usinywe sasa. Chai hii ni ya baadaye.

Utaona moto umebadilika. Ndimi zimeisha, makaa yamevaa majivu meupe membamba na ndani yake yanawaka mekundu. Weka kiganja juu ya makaa, kimo cha sentimita 10. Ukistahimili sekunde nne au tano, zamu ya mahindi imefika. Ukilazimika kuutoa mkono baada ya mbili, ngoja kidogo.

Menya mahindi sasa, si kabla. Bakiza kikonyo kiwe cha kushikia, na maganda laini ya ndani yaweke, ndiyo sahani zetu. Ndevu zitoe zote, zikibaki huungua na kuacha uchungu. Weka wavu sentimita tano juu ya makaa, panga mahindi, na ukae.

Dakika ya kwanza tazama tu. Punje zinaacha weupe wake na kuanza kung'aa, kama zimepakwa mafuta. Hapo geuza robo ya mzunguko, na uendelee kugeuza kila dakika moja au mbili. Madoa ya kahawia yanaanza kwenye vichwa vya punje, kisha yanaungana. Ukisikia mlio mdogo wa kupasuka mara mojamoja, hiyo ni sauti nzuri, mvuke unatoka. Ukisikia mfululizo, moto umezidi, sogeza mahindi pembeni mwa wavu. Ukitaka kupepea, pepea kwenye kimlango cha chini. Ukipepea juu, majivu yote yanahamia kwenye hindi. Dakika kumi hadi kumi na mbili zinatosha. Na usidhani moto hafifu ndio salama zaidi: hindi likikaa nusu saa juu ya moto uliozimika nusu, linakauka polepole mpaka meno yanalalamika.

Liepue. Changanya kijiko kimoja cha chai cha chumvi na robo kijiko cha pilipili, kata ndimu nusu, ichovye humo, kisha lisugue hindi kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, mara moja kila upande, likiwa bado la moto. Usipake likiwa jikoni. Pilipili ikiungua hutoa moshi unaokohoza nyumba nzima.

Kula kwake pia kuna namna, na kwetu hii ndiyo sehemu ya thamani. Leta kamera hapa. Ng'oa mstari mmoja wa punje kwa ncha ya kidole, upate nafasi kama mfereji. Sasa weka gumba kwenye mstari wa jirani na usukume kuelekea mferejini. Punje zinaanguka kiganjani nzima, na kiini chake, kile chenye mafuta na utamu, hakibaki kwenye gunzi. Ukiguguna kwa meno unakiacha pale. Tia punje tano sita mdomoni kwa wakati mmoja, tafuna taratibu. Jua la Nakuru wakati huu linazama kabla ya saa moja kidogo. Zima taa ya uani, uone makaa na uone mbingu.

Sasa moto umezeeka, na viazi ndivyo vinautaka hivyo. Chagua vyembamba, unene wa sentimita nne au tano, kwani kinene kitaungua ganda kabla kiini hakijaiva. Viwe vimekaa siku tatu nne mahali pakavu tangu kuchimbwa, maana cha leo shambani si kitamu bado. Vinavyotoka Kabondo, upande wa Homa Bay, vinafika mpaka huku na vinafaa sana. Vifute udongo kwa kitambaa kikavu, usivioshe, usivimenye. Vitoboe mara mbili kwa uma visipasuke. Sogeza makaa pembeni, vilaze katikati, vifunike kwa majivu unene wa kidole, kisha rudisha makaa machache juu. Funga kimlango kikibaki wazi kidogo tu.

Dakika arobaini na tano, ukivigeuza mara moja katikati. Usiharakishe kwa kuongeza makaa. Kiazi kinapopanda joto polepole, vimeng'enya vyake vinapata muda wa kugeuza wanga kuwa sukari. Kwenye moto mkali vinakufa mapema, na kiazi kinaiva bila utamu. Ukiona utomvu mzito wa kahawia unachuruzika kwenye tundu ulilotoboa na kugeuka kama asali iliyoungua, kimefika. Kibonyeze kwa koleo: kikilegea bila kugoma, kitoe.

Kipangusie majivu, kivunje katikati kwa mikono miwili, ukipulizia vidole, na uache mvuke utoke. Sasa fungua chupa ya chai.