Ile E Juu ya Kioo cha Simu Yako

Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo, Ligula, Mtwara

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni, mmeitikia vizuri.

Kila mwenye simu aitoe, azime waifai kama imewashwa, halafu atazame juu ya kioo, pembeni ya zile nguzo za mnara. Anaona herufi gani? Wengi 4G. Kuna H huku. Na mzee wangu pale dirishani ana E! Tumo ukumbi mmoja, na yeye na jirani yake wanatumia laini za kampuni ileile. Sasa mbona herufi mbalimbali?

Herufi ile inakwambia simu yako na mnara wameelewana kwa lugha gani. Mwendo haikwambii. G na E ni 2G, yaani kizazi cha pili cha mitandao ya simu, iliyoanza Finland mwaka 1991 kwa ajili ya kuongea. Data imekuja kudandia baadaye. E ikijitutumua sana, kwa simu nyingi, inafika kilobiti 200 na ushee kwa sekunde (biti ni chembe ndogo kabisa ya data; biti 1,000 ni kilobiti, kilobiti 1,000 ni megabiti, megabiti 1,000 ni gigabiti). 3G ilianza na kilobiti 384, ikanyanyuliwa ikawa H, halafu H+ yenye kikomo cha megabiti 42. 4G iliuzwa mara ya kwanza Stockholm na Oslo, Desemba 2009, na simu nyingi za bei zetu zinaishia megabiti 150. 5G inahesabiwa kwa gigabiti. Hapa nchini tumeisikia 2022.

Hizo ni namba za kwenye karatasi, msiende nazo dukani kugombana na mtu.

Bando unauziwa kwa megabaiti, kasi unatangaziwa kwa megabiti, na baiti 1 ni biti 8. Hapo ndipo watu wanapopigwa chenga. Umepiga picha ya korosho zako, MB 4, unataka mnunuzi aione kama ilivyo. Hiyo ni megabiti 32. Kwenye E inayopandisha kilobiti 100, ni sekunde 320: dakika 5 na zaidi, chai imeshapoa. Kwenye H inayokupa megabiti 2, sekunde 16. Kwenye 4G ya megabiti 10, sekunde 3 na kidogo. (WhatsApp huibana picha kwanza, ndiyo maana hamjaziona hizo dakika 5.)

Mnaniuliza, mbona nina 4G na kiduara kinazunguka tu? Mnara ni kama bomba la mtaa. Saa 10 alfajiri ndoo inajaa upesi. Saa 2 usiku kila nyumba imefungua, maji ni yaleyale. Tena huo mnara nao unakunywa kutoka mbali. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima, na herufi 4G ilikuwa imekaa palepale juu ya kioo.

Umbali nao una mambo yake. Aliyelala kijiji cha pili kukiwa na unyago anajua: mdundo wa ngoma kubwa unamfikia kitandani, njuga hazisikii. Mawimbi ndivyo yalivyo. Ya chini, megahezi (kipimo cha mitetemo ya mawimbi) 700 mpaka 900, yanakwenda mbali na yanapenya ukuta. Ya 3500, yanayotumika sana kwa 5G, yamebeba mzigo mkubwa ila hayafiki mbali. Kwa hiyo 5G inataka minara ya karibukaribu, na ndiyo maana huanzia mijini. Kwa mtu wa mashambani kule Newala, 4G ya mawimbi ya chini ina faida kuliko 5G ya kuonyeshea watu.

Mzee, hebu niazime hiyo simu yako. Mnaona? Laini mbili. Simu nyingi za namna hii tundu la kwanza linashika mpaka 4G, la pili 2G tu. Naichomoa ya pili, naihamishia la kwanza, nawasha... Subirini. Haya, 4G! Mwaka mzima amekuwa akiulaumu mnara. Ingegoma, ningeingia kwenye mipangilio kuona kama imefungwa kwenye 3G, halafu ningetazama kadi yenyewe: zile laini za zamani sana haziingii 4G mpaka zibadilishwe.

Swali? Naam, mama. Ukipigiwa, data inakata. Simu yako haiongei kupitia 4G, kwa hiyo ikipigiwa inashuka 3G au 2G. Ikitua 3G utaperuzi polepole. Ikitua 2G, data inasimama mpaka ukate simu. Mteja akikupigia wakati unapandisha picha, mwombe dakika moja, umpigie wewe.

Mzee, chukua simu yako. Hiyo laini iache hapohapo.