Sambusa Huila Vipi?

Mama mmoja hapa kikaoni aniuliza, mimi daktari wa meno, kama nazungumzia mwanya. La, mama, siusemi mwanya. Mwanya ni urembo, aliyejaliwa nao na ashukuru. Nasema meno ya mbele, ya juu na ya chini, yasiyokutana: mtoto amefumba magego, lakini mbele pamebaki dirisha.

Mwaka jana nililetewa binti wa miaka 8 kutoka Kibokoni. Mamake alilalamikia kithembe tu. Nikamuuliza, sambusa huila vipi? Akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi. Mtoto akajibu mwenyewe: "Huipeleka pembeni." Ehee! Mbele hana cha kukatia. Manda yavutika, nyama yamwagikia nguo. Na embe bichi la pale ufukweni Mama Ngina? Pembeni vilevile. Nikamwambia, hebu nione mikono. Gumba la kulia jeupe, safi kuliko vidole vyote tisa, tena lina sugu. Hapo sikuhitaji eksirei kumjua mwizi: ni gumba linalonyonywa.

Najua mwasema nini moyoni: "Hata mimi nilinyonya, na meno yangu sawa." Uliacha lini? Kidole kikiachwa kabla meno ya ukubwani ya mbele hayajaota, kwenye miaka 6 hivi, mara nyingi dirisha hujifunga lenyewe, bila hata senti ya daktari. Na shubiri ya kupaka kidoleni? Shubiri mtoto huilamba ikaisha, akaendelea na kazi yake. Kofi ndiyo kabisa: akilia, atajituliza kwa nini kama si kidole? Mvisheni soksi mkononi usiku, na asubuhi akiamka nayo, msifuni.

Binti yule aliacha. Lakini ulimi ulishazoea kulala dirishani, na ulimi hausikii nasaha. Tukamwekea kizuizi cha waya nyuma ya meno ya juu. Nyinyi mwakimbilia waya za kunyoosha meno! Nyoosha upendavyo, ulimi ukibaki palepale, meno yataachana tena.

Anayekoroma na kuhemea mdomo, aonwe kwanza na daktari wa pua na koo. Mataya yenyewe yakiwa yamekua vibaya, huenda ikahitajika operesheni, nayo hungoja mtu amalize kukua. Nilikuwa na picha, lakini mwenyekiti ashika saa.

Huyo kijana wa nyuma, amenyonya gumba tangu nianze... la, mama, usimtoe sasa, atalia. Ana miaka mingapi? Mitatu? Mwache amalize, kisha njooni tuzungumze.